Mtu wa Mwavuli

Mama Hellen aliposimama, mtu wa mwavuli naye akasimama. Alipogeuka, mwavuli ukashushwa mpaka mabegani, ikabaki miguu tu na suruali ya kijivu. Na mvua yenyewe hakuna! Ilikuwa saa sita mchana, jua la Mwanza linakaanga lami.

"Ndiye huyu," alijisemea, akakandamiza kifua kwa mkono.

Kifuani, ndani ya leso yenye mafundo matatu, mlikuwa na kikuku cha shaba. Alikivaa mama yake, akakivaa yeye, akakivaa binti yake Hellen, na sasa kilikuwa safarini kwenda kwa mjukuu aliyezaliwa wiki iliyopita huko Igogo. Katika ukoo wao mtoto huvalishwa kikuku hicho na baba yake mzazi, kwa mkono wake mwenyewe, na kabla ya hapo hatolewi nje. Kikipotea, basi. Maduka ya mjini siku hizi yamejaa kila kitu tangu biashara iwe huria, lakini kikuku kile hakiuzwi popote.

Jirani yake kule Ngudu, mzee Kashindye, aliwahi kuibiwa saa Mwanza, na tangu hapo hachoki kuisimulia. Alimpa somo zima kabla hajapanda basi.

"Mwizi wa mjini hakutazami usoni, Mama Hellen. Anakaa nyuma yako. Ukigeuka, anaficha uso. Ukisimama, anasimama. Kwani mkweo hawezi kuja stendi kukupokea?"

"Mkwe anipokee mimi?" Mama Hellen alimtolea macho. "Siku ya harusi yenyewe nilijifungia jikoni tusionane, leo tukutane stendi kama wauza nyanya?"

Kashindye aliomba radhi. Mambo ya wakwe hayana mzaha.

Kwa hiyo alikuja peke yake, amevaa kitenge cha tausi alichotumiwa na Hellen, mkononi ana barua ya kumwelekeza njia. Alikuwa na hamu moja tu ya kitalii: kuliona lile jiwe la ziwani ambalo wazungu wanasafiri kutoka kwao kuja kulipiga picha. Aliliona. Alilitazama kwa muda wa kumeza mate, maana hatua ishirini nyuma yake mwavuli nao ulikuwa umesimama, ukijifanya unatazama ziwa. Hasira zilimpanda. Mtu unangoja miaka hamsini kuona jiwe, halafu mwizi anakuharibia!

Akaamua kumpoteza. Aliingia katikati ya marundo ya mitumba, akatokea upande wa samaki. Mwavuli huo. Akaingia kanisani, akasali Baba Yetu polepole kuliko padri, akatoka. Mwavuli ulikuwa ng'ambo ya barabara, unangoja. Miguu ilianza kumvimba. Njaa ilimuuma, na hakuthubutu kununua hata andazi, kwa kuogopa kuutoa mkono kifuani.

Sokoni, kijana wa shati la maua alimkumba. "Samahani, mama," alisema, lakini mkono wake ulichelewa kuondoka. Mara mwavuli ukapita juu ya bega la Mama Hellen, ukamchapa kijana kwenye kiwiko, pwaa! Mama Hellen alipogeuka, tayari ulikuwa umekunjuliwa tena na uso hauonekani. Kijana aliondoka akisonya.

Mama Hellen hakuhitaji kuelezwa. Wezi wawili walikuwa wanamgombania yeye kama fisi na mzoga.

Hapo uvumilivu ulimwishia. Alipofika kwenye barabara ya kwenda Igogo, mbele ya mafundi baiskeli, aligeuka akanyoosha kidole.

"Mwizi!"

Neno hilo halihitaji kurudiwa. Mafundi waliacha baiskeli zimelala miguu juu. Wauza mahindi waliacha majiko.

"Wewe! Toa huo mwavuli tukuone!" alifoka fundi mmoja.

Yule mtu aliuinamisha zaidi. Akamgeuzia Mama Hellen mgongo, akaanza kusogea pembeni.

"Kama si mwizi, uso anauficha wa nini?"

Swali zuri, Mama Hellen aliona. Hata jiwe la kwanza lilipompata begani, yule mtu hakufumbua mdomo kujitetea. Alikimbia kuelekea ziwani, na umati ukamfuata. Mwavuli ulibaki barabarani, mbavu zimevunjika.

Kwa kitambo kidogo Mama Hellen alimwonea huruma. Kisha akaikumbuka miguu yake, akaendelea na safari. Kelele za watu zilimfuata mpaka alipokata kona.

Hellen alikuwa ameketi kitandani, mtoto yuko mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alimbeba mjukuu, akacheka, machozi yakamtoka. Kisha akafungua leso, fundo la kwanza, la pili, la tatu. Kikuku kiling'aa. "Wezi wa mji huu nimewashinda. Haya, mwite Mayala aje amvalishe mwanawe. Mimi nitajificha uani."

Hellen alitazama mlangoni, kisha akamtazama mama yake.

"Kwani hamkuja pamoja? Nilimtuma stendi tangu asubuhi, mama, akufuate kwa nyuma akulinde na wezi. Alikuwa anaona aibu, akasema mkwe ni mkwe. Basi nikampa mwavuli."