Upindo wa Gauni la Mama

Gauni la njuga lilimkwama Delphine mbavuni, vibati vyake vikilia kila alipolivuta.

Kwa Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, mfiwa hachezi ngoma mwaka mzima. Mwaka wake ulikwisha leo, na aliapa kurudi uwanjani ndani ya gauni aliloshonewa na marehemu mama yake.

"Ngoja mwakani, mwanangu," alisema mama mkubwa, akimpakata mtoto mchanga. "Utapungua."

"Nimeshindia supu wiki nzima. Yamepungua maziwa, si kiuno."

"Ndiyo maana huyu ananitafuna kidole."

Delphine alilivua gauni, akaligeuza, akachukua mkasi.

"Usiikate kazi ya marehemu."

"Nafumua tu."

Nyuzi zilipoachia, kitambaa kilichokunjwa kikafunguka ubavuni, upana wa kiganja, chekundu kama kilichotoka dukani jana. Na upande wa pili vilevile.

Mama mkubwa alikigusa. "Nilimcheka, nikamwambia anapoteza kitambaa. Akasema, 'Huyu naye atazaa.'"

Nje, ngoma ya kwanza ililia. Delphine akatunga sindano mbili.

"Mlaze mtoto, ushone upande huo. Na ule mkate wa kukaanga nisogezee. Nina njaa."