Mnanaa wa Kupamba Bonsai

"Usiuweke pembeni," muuza miche alisema bila kupepesa macho. "Panda mnanaa humo humo kwenye chungu cha bonsai, karibu na shina."

Mteja alisita. "Mimi nilisikia kila mmea hukaa kwenye chungu chake."

"Hayo ni mambo ya zamani, mdogo wangu."

Uongo mtupu. Chungu cha bonsai, mti unaodumazwa kwa kupogolewa, hakina kina, ni kama sahani, na mizizi ya mnanaa haijui mipaka. Ndani ya miezi mitatu ingeubana mti, inywe maji yote, na mti ukauke umesimama.

Muuza miche alimtambua binti huyu tangu alipoingia langoni: mke mpya wa aliyekuwa mumewe. Na mti uliokuwa kwenye picha ambayo binti alimwonyesha kwenye simu, wenye shina lililopinda, aliujua vizuri zaidi. Aliulea mwenyewe miaka kumi na minne, akiupunguza jani kwa jani kwa mkasi wa kucha. Siku ya talaka yule bwana alibeba bonsai zote, zake na huo mmoja wa mkewe, makusudi tu, ili amuumize. Basi heri ufe kuliko kumpambia sebule. Roho ilimuuma, lakini hasira ilikuwa imemfika kooni.

"Mizizi yake ina nguvu?" mteja aliuliza.

"Sana. Hutajuta."

"Basi nifungie miche kumi na mmoja."

Kumi na mmoja, kwa mti mmoja? Maskini, hajui hata anachofanya. Muuza miche aliifunga kwenye gazeti huku akijizuia kucheka.

Miezi mitatu alihesabu siku. Kila alipomwagilia vitalu vyake alimwona yule bwana akilini, ameshika kichwa mbele ya kijiti kikavu, na siku hiyo chakula kilimshuka vizuri.

Asubuhi moja mteja alirudi, begi la nguo begani, kikapu mkononi. Alikiweka kikapu juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na bonsai ile ile, majani mabichi, udongo bado una maji.

Muuza miche aliligusa shina lililopinda. "Kwani mnanaa haukushika?"

"Ulishika, dada. Miti ya bwana, yote kumi na mmoja, imekauka, nimemwacha anailia." Mteja aliliweka begi sawa begani. "Huu alisema ni wako, kwa hiyo sikuugusa."