Nyumba ya Ngiri Kilimani

Sikilizeni habari za Ngiri, ambaye shamba lake lilikuwa kubwa kuliko akili yake. Shamba lilikuwa bondeni, limezungukwa na vilima pande zote, na kila baada ya mavuno aliyachoma mabua alfajiri. Mkewe alikuwa na pumu. Basi Ngiri akamjengea nyumba katikati ya kilima, akajisifu kwamba moshi ameuacha chini pamoja na wanyonge.

Nungunungu, mchimba mashimo, alimwendea. "Mzee Ngiri, nakusihi, ngoja jua lipashe bonde kwanza. Msimu huu baridi hulala chini, na joto hukaa juu yake kama kifuniko cha chungu. Moshi utapanda mpaka mlangoni kwako, ukwame hapo."

Ngiri akacheka. "Tangu lini mchimba mashimo akajua mambo ya angani? Rudi shimoni, bwana. Jua likiwaka nitaungua mimi pamoja na mabua."

Akawasha. Moshi ukapanda wima, ukafika usawa wa nyumba, ukatanda hapo. Ngiri alipokimbilia kilimani alimkuta mkewe ameshikilia dirisha, mdomo wazi, hana pumzi ya kumwita. Saa nne bonde lilipopata joto, moshi ukatawanyika, lakini mke alikuwa amekwisha kufa.

Mazishini Ngiri alisimama akaulaumu upepo kwa uvivu. Waombolezaji wakamkubalia kila neno, maana kila mmoja wao alikuwa na mabua yake ya kuchoma kesho alfajiri.