Nyayo za Mama Digidigi

Alikuwapo Digidigi mmoja, mama wa mtoto mmoja, ambaye kwa kumhofia Chui aliogopa hata kivuli chake. Kila alipotoka malishoni alimfokea mwanawe: "Mbona umesimama? Mbona unacheza? Nimekwambia mara ngapi, ukisikia kitu cha kukutisha, jilaze majanini, usitikisike!"

Siku moja alirudi mbio, akakuta kichakani hamna mtoto. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Hakuitikiwa.

"Chui amenimalizia mwanangu!" alimlilia Kanga, jirani asiyepitwa na jambo.

"Chui hajakanyaga hapa wiki nzima, shoga yangu," Kanga akamjibu. "Tangu asubuhi aliyepita ni wewe tu."

Digidigi akapekua majani kwa pua. Hatua mbili tu kutoka pale alipokuwa akiita, mtoto alikuwa amelala kifudifudi, macho ameyafumba.

"Mwanangu! Mbona hukuitika?"

"Si ulinifundisha mwenyewe, mama?" mtoto alinong'ona bila kuinua kichwa. "Nilisikia kwato zako, nikajilaza."

Digidigi alitaka kumsogelea, lakini mguu aliokwisha kuuinua hakujua autue vipi.