Ukurasa Alioruka Karwirwa

Karwirwa alikuwa akimsomea shosho, nyanya yake, kwa sauti, na ukurasa ule aliuruka makusudi. Kilikuwa kitabu cha nne cha hadithi za wale watoto wa chombo cha angani, na mdogo wao alikuwa anakufa kwenye sayari ya barafu. Hakutaka shosho ahuzunike huku akichambua maharagwe ya njahi.

"Umeruka," shosho akasema bila kuinua macho. "Yule mdogo amekufa. Nilisoma jana ukiwa shule."

Kitabu kikamponyoka. Shosho hajui kusoma, nyumba nzima inajua hivyo. Juzi tu anko alimletea karatasi, akamwambia ni ya mbolea ya serikali, naye akaweka alama ya kidole. Wino bado uko kwenye ukucha.

"Na ile ya mbolea, shosho?"

"Ilikuwa ya kuuza shamba langu la kule Muthara." Akapuliza maganda. "Ofisi ya ardhi inajua sahihi yangu, si kidole; karatasi ile wataikataa. Haya, rudi pale mtoto alipokufa."