Swali la Tano

"Jina lake uliandike lote," Antoinette alisema, akifunga kitambaa cha kichwa mbele ya kioo. "Burhani Kashindi. Bruxelles nzima imusome."

"Mwenye kosa ataandikwa jina lote, maman," Priscille alijibu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, si siku ya kanisa, lakini Antoinette alikuwa amevaa kikwembe kipya cha kitenge na hereni zake za harusi. Leo binti yake angemsomea habari aliyoiandika. Siku hii Antoinette aliingojea tangu polisi walipomkamata mumewe, Patient, asiye na karatasi za ukaazi, wakamrudisha Goma, Priscille akiwa bado mtoto. Walimkamata mtaa wa Laeken, nyumbani kwa mwanamke mwingine. Kuna mtu aliyewapigia simu akawaambia mahali anapolala.

Antoinette alimtaja mtu huyo tangu wiki ile ile: Burhani, rafiki wa Patient, aliyekula mezani pake. Watu wakaamini. Toka hapo, kanisani Burhani alikaa benchi peke yake. Mkewe alichoka na minong'ono, akachukua watoto akahamia Liège. Hata Priscille alikua akifundishwa kuvuka barabara kila akimwona.

Sasa Priscille alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea uandishi wa habari. Mwalimu wake, madame Hilde, aliwataka kila mmoja atafute habari ya kweli mtaani kwake, itoke katika gazeti la chuo. Antoinette ndiye aliyemchagulia.

"Umeshajua kuandika," alimwambia. "Mulipizie papa yako kisasi."

Basi masomo yakaingia nyumbani, pale ghorofani kwao Anderlecht. Antoinette aliachia shule darasa la sita, lakini haya aliyashika yote, akiyarudia kimoyomoyo huku akisafisha maofisi ya mtaa wa Schuman. Habari ina maswali matano: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Shahidi mmoja hatoshi. Na lile alilolipenda kuliko yote: kabla habari haijatoka, mshtakiwa anakalishwa uso kwa uso, simu inarekodi, anaulizwa ajitetee. Hata akiwa ndugu yako, madame Hilde alisema, siku hiyo hakuna mjomba wala baba, hakuna tonton wala papa. Unamwita jina lote, kama mtu usiyemjua.

Watoto wa hapa wanafundishwa kuuliza. Anayempeleka mtoto shule ajue hilo.

"Monsieur Burhani Kashindi!" Antoinette alikuwa akiita jikoni, mwiko mkononi, akikoroga sombe. "Jibu! Unatoka jasho la nini?" Mwanzoni Priscille alicheka naye. Wiki hizi za mwisho alikuwa anatabasamu tu.

"Alors, ulimuona?" Antoinette aliuliza sasa, akigeuka kutoka kwenye kioo.

"Nilienda kwake jana. Akanipikia chai."

"Chai! Na ukakunywa?"

"Nilikunywa. Akauliza kama mugongo wako ungali unakuuma."

"Munafiki ule. Lakini ulimuita jina lote?"

"Hapana. Nilimuita tonton."

"Tonton! Mwalimu wako atakukatia pointi." Antoinette alifyonza. "Na yeye alisema nini?"

"Ile nyumba ya Laeken hakuijua. Papa alimufichaka yeye pia."

"Na papa yako, kule Goma?"

"Nilimupigia. Nikamuuliza nani alijua ile nyumba. Akasema niache hiyo habari, nitafute ingine."

"Unaona? Mpaka leo anamulinda ule nyoka!"

"Ndiyo, maman. Kuko muntu anamulinda."

Priscille alikunja mikono ya shati lake, taratibu, kama mtu anayetaka kuosha vyombo.

"Nilifika na kwa Hanne," akasema.

Antoinette aliacha kitambaa kikining'inia. "Kwa ule mwanamuke wa Laeken? Ulipanda zile ngazi zake za mbao? Ukapita ule mulango wa kijani?"

Priscille alimtazama kidogo. "Walishaubadilisha rangi. Sasa ni mweupe." Akaendelea. "Hanne anasema siku moja mbele ya polisi kufika, muntu alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha tramu. Mvua inamunyeshea. Tramu zinapita, yeye hapande. Anaangalia dirisha tu."

"Burhani!"

Priscille alimalizia kukunja mkono wa pili wa shati.

"Bon," Antoinette alisema, akimalizia kufunga kitambaa. "Donc mashahidi uko nao. Nani?"

"Iko."

"Nini?"

"Simu kwa polisi. Iko."

"Wapi? Lini?"

"Laeken, juma la Pasaka. Iko yote."

Antoinette alipiga makofi. Kesho kanisani angepita katikati kabisa, polepole, mbele ya lile benchi. Alijitupa kwenye kanape, akatandaza kikwembe magotini, akapigapiga mto wa pembeni yake.

"Kuya basi, mutoto wangu. Kaa hapa, unisomee."

Priscille alizima redio. Hakuketi kwenye kanape. Alivuta kiti akakaa ng'ambo ya meza, akawa anatazamana na mama yake. Simu akailaza katikati yao, akaigusa kwa kidole. Alama nyekundu ikaanza kuwaka na kuzimika.

"Kunakosa swali la tano tu," alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu wa ofisini.

"Uliza!" Antoinette alicheka. "Minasikia."

"Madame Antoinette Nabintu," Priscille alisema, "kwa nini?"