Mlango wa Dharura wa Fuko

Wewe, umewahi kumwonea mwenzako wivu kwa sababu ya shimo? Nguchiro, mtunza ghala la karanga, alimwonea Fuko. Fuko alikuwa amechimba mlango wa dharura nyuma ya handaki walimoishi wanyama wote, na kila kikao alipigiwa makofi kama bi harusi.

"Shimo tu!" Nguchiro alinung'unika. "Hata panya anachimba."

Kesho yake palipangwa zoezi la kujiokoa. Nguchiro akauziba mlango ule kwa mawe, Fuko aaibike mbele ya wakubwa. Kabla zoezi halijaanza, mafuriko yakaingia kwa mlango mkubwa.

"Nyuma, jamani, nifuateni!" Fuko aliita.

Wote wakamfuata, watoto wa Nguchiro wakiwa mbele.

"Fuko, shoga yangu, chimba pengine!" Nguchiro akalia. "Huko nimeziba mimi."